Lori la zamani la dizeli limegoma kuwaka: hatua za kufuata kabla hujagusa pampu

Lori likigoma kuwaka, watu wengi wanaanzia mwisho. Siku ya kwanza pampu ya dizeli inafunguliwa, siku ya pili nozeli (zinazopuliza dizeli kwenye silinda) zinapelekwa kupimwa, na siku ya tatu ndipo mtu anagundua kwamba waya wa ethi, ule unaounga hasi ya betri na chuma cha lori, umeliwa na kutu. Pampu iliyofunguliwa uwanjani penye vumbi hairudi kuwa kama ilivyokuwa. Nimeona pampu nzima kabisa zikiuawa hivyo, na inaniuma, kwa sababu nyingi hazikuwa na tatizo lolote.

Mfano wangu ni Isuzu TXD yenye injini ya 6BD1: silinda sita kwa mstari, lita 5.8, bila kompyuta. Hatua hizi zinafaa pia kwa Mercedes 911 yenye injini ya OM352, na kwa dizeli nyingine ya zamani yenye pampu ya mstari. Injini hizi hazina plagi za cheche. Zinataka vitu vinne: zizungushwe kwa kasi, zipate hewa, zipate dizeli isiyo na upepo ndani yake, na silinda ziibane ile hewa mpaka iwe na joto la kuiwasha dizeli. Kimoja kikikosekana, injini haiwaki. Tunatafuta ni kipi.

## Vifaa vya kuandaa

- Mita ya kupimia umeme. Ya bei ndogo inatosha, mradi isome volti vizuri.
- Spana za milimita 8 hadi 24, bisibisi, na mpini mrefu wenye soketi ya boliti ya puli ya krenki (shafti kuu ya injini).
- Mpira wa plastiki unaoonyesha ndani, mita 2, unaoingia kwenye bomba la dizeli bila kulegea, na klipu zake.
- Dumu safi la lita 5 lenye dizeli mpya.
- Chupa ya kioo au ya plastiki nyeupe, ya kutazamia dizeli.
- Wosha mpya za shaba za mabomba ya dizeli, saizi mbalimbali.
- Filta mpya ya dizeli.
- Msasa laini na brashi ya waya.
- Kipande cha ubao au bamba pana la kuziba mdomo wa kuingizia hewa. Usikiache nyumbani, sababu nitaieleza mbele.
- Matambara safi yasiyotoa nyuzi. Nyuzi za tambara ni adui wa pampu.

## Kabla ya kushika spana

Lori liwe sehemu tambarare, gia iwe huru, breki ya mkono imevutwa, na mawe yamewekwa mbele na nyuma ya tairi. Kama breki zake ni za upepo, kumbuka kwamba injini ikiwa imezimwa muda mrefu mitungi inakuwa mitupu. Lori likianza kubiringika, pedali haitakusaidia.

Betri zinatoa gesi inayolipuka. Usivute sigara juu yake, na unapofungua vichwa vya betri anza na hasi. Pete na saa ya chuma zivuliwe.

Jambo la tatu ndilo linalodharauliwa kuliko yote. Dizeli inayotoka kwenye nozeli ina mgandamizo wa karibu bar 200. Inapenya ngozi kama sindano, na jeraha linaonekana dogo kumbe mafuta yameshaingia kwenye nyama. Usiweke kidole wala kiganja mbele ya nozeli au nati inayovuja wakati stata inapigwa. Ikikupenya, nenda hospitali saa hiyohiyo, hata kama hakuna maumivu.

## Hatua ya 1: Piga stata mara moja, sikiliza, tazama ekzosi

Mtu mmoja akae kwenye usukani, mwingine asimame pembeni ya ekzosi. Piga stata kwa sekunde 10, usizidishe, kisha acha ipumzike dakika 1 au 2. Stata inayong'ang'aniwa inaungua, na hapo unakuwa na matatizo mawili.

Ikilia "tak" moja na injini isizunguke, tatizo liko kwenye umeme, stata, au injini yenyewe imekwama. Ikilia "tak-tak-tak" mfululizo, betri hazina nguvu au kuna muunganisho mbovu. Nenda hatua ya 3.

Ikizunguka kivivu, kama mtu anayepanda mlima na gunia, nenda pia hatua ya 3. Dizeli isiyozungushwa kwa kasi haipati joto la kuwaka, hata kama kila kitu kingine ni kizima.

Ikizunguka vizuri na ekzosi haitoi moshi wowote, dizeli haifiki kwenye silinda. Hatua ya 2 na ya 4 ndizo zako.

Ikizunguka vizuri na kutoa moshi mweupe wenye harufu kali ya dizeli, mafuta yanafika lakini hayawaki. Fikiria ubaridi, mbano hafifu, au pampu iliyofungwa bila kupangwa. Angalia hatua ya 6 na ya 7. Moshi mweusi mzito maana yake hewa haitoshi. Nao uko hatua ya 6.

Andika ulichokiona. Nusu ya safari imekwisha, na hujachafua mikono.

## Hatua ya 2: Waya wa kuzimia

Hii inachukua dakika 2, na imewahi kuokoa wiki nzima za watu. Malori haya yanazimwa kwa kuvuta kitasa kwenye dashibodi. Kitasa kinavuta waya, waya unavuta kiwiko kidogo ubavuni mwa pampu, na dizeli inakatwa. Waya ukipata kutu, kitasa kinarudi ndani lakini kiwiko kinabaki kule kwenye kuzima. Dereva anaona kitasa kimerudi, anaamini kazi imeisha.

Fungua boneti au inua kabini. Msaidizi avute kitasa na kukirudisha, wewe ukitazama kiwiko. Kinatakiwa kirudi chenyewe mpaka mwisho, kwa nguvu ya springi. Kama hakirudi, kisukume kwa mkono na upige stata. Likiwaka, umemaliza: badilisha waya au ulainishe kwa oili mpaka uteleze.

Kama lori lako linazimwa kwa umeme, wazo ni lilelile. Washa swichi, tazama kama mkono wa kuzimia unahama. Usipohama, pima kama umeme unafika pale kabla hujailaumu mota yake.

## Hatua ya 3: Umeme, kuanzia betri hadi stata

TXD nyingi zina betri mbili za volti 12 zilizoungwa zipate 24. Pima kila betri peke yake, usipime jumla tu. Betri moja iliyokufa inajificha nyuma ya nyingine iliyo nzima.

Betri iliyopumzika saa kadhaa ikisoma 12.6 imejaa. Ikisoma 12.2 iko nusu. Chini ya 12 ni tupu, ichajiwe kwanza. Lakini namba hiyo haitoshi. Weka mita kwenye betri wakati stata inapigwa. Ikishuka chini ya 9.5 ilhali ulikuwa umeichaji vizuri, betri hiyo imechoka.

Betri zikiwa nzima na injini bado inazunguka kivivu, usikimbilie kuishusha stata. Tafuta umeme unapopotelea. Washa mita kwenye volti, ncha moja iguse nguzo hasi ya betri (nguzo yenyewe, si kichwa cha waya), ncha nyingine iguse chuma kitupu cha bloku ya injini. Mwenzako apige stata. Mita isome chini ya 0.5. Ikisoma 1 au 2, umeme unakwama kwenye waya wa ethi. Fanya hivyohivyo upande wa chanya, kutoka nguzo ya betri hadi boliti kubwa ya stata.

Kwa nini ethi inaharibika sana? Kwa sababu waya wake umefungwa kwenye chesesi, chini, penye tope na maji ya asidi ya betri. Kwa nje unaonekana mzima, ndani umegeuka unga wa kijani. Ufungue, sugua kwa msasa mpaka chuma king'ae, paka grisi baada ya kukaza. Kama chesesi imechomelewa mara nyingi au imepakwa rangi nene, ongeza waya mnene mmoja kutoka hasi ya betri moja kwa moja hadi kwenye injini.

Umeme ukifika vizuri kwenye stata na bado inalia "tak" tu, usiipige nyundo kwanza. Weka soketi kwenye boliti ya puli ya krenki, zungusha injini kwa mpini upande wa saa ukiitazama kutoka mbele. Ikizunguka kwa uzito wa kawaida, stata ndiyo mbovu, ishushe. Ikigoma kabisa, simama hapo. Huenda kuna maji au dizeli imejaa juu ya pistoni. Ukilazimisha, konrodi (mkono unaoshika pistoni) inapinda. Fungua nozeli zote, funika matundu kwa tambara, zungusha kwa mkono uone kinachotoka. Maji yakitoka, tafuta gasketi ya silinda hedi au hedi iliyopasuka, na kazi ya leo imeshageuka kuwa nyingine.

Ukifaulu hatua hii, injini inazunguka kwa mdundo mmoja mwepesi, bila kupungua katika zile sekunde 10.

## Hatua ya 4: Dizeli, kutoka tenki hadi pampu

Hapa ndipo penye kazi, kwa sababu hapa ndipo malori mengi ya zamani yanapogomea.

Kwanza ielewe njia. Dizeli inavutwa kutoka tenki na pampu ndogo iliyofungwa ubavuni mwa pampu kubwa, ile yenye kitasa cha kupampu kwa mkono. Kabla ya pampu ndogo, dizeli inavutwa. Baada yake, dizeli inasukumwa. Upande wa kusukuma ukitoboka, utaona dizeli ikidondoka. Upande wa kuvuta ukitoboka, huoni kitu: bomba halidondoshi mafuta, linavuta upepo. Ndiyo maana mtu anatafuta uvujaji siku nzima na hauoni. Anatafuta alama ya mafuta mahali ambapo kinachoingia ni hewa.

Kuna dalili inayojulikana sana: lori linawaka vizuri mchana kutwa, likilala usiku asubuhi linagoma. Upepo umeingia kwenye bomba la kuvuta, dizeli ikarudi tenki, na asubuhi pampu inavuta hewa tupu.

Anza na tenki. Fungua kifuniko. Ukisikia "fyuuu" ya hewa kuingia, tundu la kupumulia limeziba. Tenki lilikuwa linanyonga dizeli. Safisha tundu. Kisha chota dizeli ya chini kabisa, iweke kwenye chupa, iache itulie dakika 10. Maji yatakaa chini kama tabaka jingine, na uchafu utaonekana. Ukiona maji, mwaga dizeli ya chini ya tenki na maji yaliyo kwenye kikombe cha filta mpaka itoke safi.

Fanya jaribio la dumu. Hili nalipenda kuliko yote, kwa sababu linakata ubishi. Fungua bomba linaloingia kwenye pampu ndogo. Mahali pake funga ule mpira unaoonyesha ndani, ncha ya pili izame kwenye dumu la dizeli safi lililowekwa juu kidogo ya pampu. Toa upepo kama hatua ya 5 inavyosema, kisha piga stata.

Likiwaka na kutulia, ugonjwa uko nyuma: tenki, bomba, koki, au viungo vyake. Pampu kubwa na nozeli hazina kosa, usiziguse. Lisipowaka, mpira utakuambia: ukiona dizeli imesimama, pampu ndogo haivuti. Ukiona inapita safi bila povu, songa mbele.

Kichujio kinachosahaulika. Boliti yenye tundu inayoleta dizeli kwenye pampu ndogo, kwa pampu nyingi za aina hii, ina wavu mdogo ndani yake. Ni mdogo kama ncha ya kidole cha mwisho. Watu wanabadilisha filta kubwa mara tatu na hawajawahi kujua kwamba huu upo.

Nilikutana nao Makambako, mwezi wa 7, asubuhi ya baridi kali. TXD imebeba viazi, imelala pale siku mbili. Dereva alikuwa kijana mpole, macho mekundu kwa kukosa usingizi. "Fundi," akaniambia, "wamesema pampu imekufa, tajiri anatuma hela ya nyingine." Nikafungua boliti ile kwa spana ya 17, nikaigonga kwenye kiganja. Kikatoka kitu kama uji mzito wa kahawia, na ndani yake uzi wa tambara jekundu umejisokota kama mnyoo. Tuliuosha wavu kwa dizeli, tukapuliza, tukarudisha na wosha mpya. Kitasa cha mkono, ambacho dakika chache kabla kilikuwa kinakwenda kigumu na kurudi kivivu, kikaanza kusukuma kwa ulaini. Dereva aliposikia injini imeshika hakusema neno. Alikwenda kushika boneti kwa mikono yote miwili, kama mtu anayeota moto.

Kitasa cha mkono chenyewe. Kama ukipampu dizeli inachuruzika kando ya kitasa, mpira wake wa ndani umeisha na mahali hapo panavuta upepo pia injini ikizunguka. Badilisha kitasa kizima, si ghali. Na ukimaliza kupampu, kizungushe ukikaze mpaka mwisho.

Filta. Weka mpya kama hujui ya zamani ina umri gani. Usiijaze dizeli ya dumu kupitia tundu la katikati, kwa sababu tundu hilo ni la upande uliokwisha kuchujwa, na uchafu wowote unakwenda moja kwa moja kwenye pampu. Ifunge tupu, ijaze kwa kupampu kwa mkono. Inachosha, lakini ndiyo njia.

Wosha za shaba. Wosha iliyokwisha kubanwa ni ngumu na haizibi tena vizuri. Kama huna mpya, ya zamani ichome kwenye moto mpaka iwe nyekundu, itumbukize kwenye maji. Itarudi kuwa laini. Wosha ya bati iliyokatwa kwa mkasi haifai.

## Hatua ya 5: Kutoa upepo

Upepo unabonyea, dizeli haibonyei. Pampu ikiwa na povu ndani, inabana povu badala ya kufungua nozeli, na ekzosi haitoi hata chembe ya moshi. Fuata mpangilio huu bila kuruka.

1. Futa kila nati kabla ya kuilegeza. Mchanga ukiingia hapa, unaingia kwenye pampu.

2. Fungua kitasa cha mkono. Legeza boliti ya kutolea upepo juu ya filta, mizunguko 2. Pampu taratibu. Mwanzoni itatoka povu, kisha povu na dizeli, mwisho dizeli tupu yenye rangi moja. Endelea kupampu mara 10 zaidi baada ya povu kuisha. Kaza boliti wakati dizeli bado inatoka, usingoje ikatike.

3. Hamia kwenye boliti ya upepo ya pampu kubwa. Fanya vilevile. Zikiwa mbili, toa zote.

4. Endelea kupampu mpaka kitasa kiwe kigumu na usikie mlio mdogo wa dizeli kurudi tenki. Mlio huo unatoka kwenye valvu ya kurudishia, yenye gololi na springi. Itazame. Kuna watu wanaipoteza na kuweka boliti ya kawaida yenye tundu. Mgandamizo ndani ya pampu unashuka, na lori linakuwa gumu kuwaka na halina nguvu mlimani.

5. Kaza kitasa. Sasa legeza nati za mabomba ya chuma upande wa nozeli, tatu kati ya sita, nusu mzunguko tu. Tumia spana mbili, moja ishike nozeli isizunguke. Mwenzako akanyage mafuta mpaka mwisho na apige stata sekunde 10. Wewe simama pembeni, uso mbali. Dizeli itaanza kutoka kwa kudunda, "chi, chi, chi".

6. Kaza nati zile, pumzisha stata, piga tena. Mara nyingi injini inashika kwa silinda tatu au nne ikitikisika, kisha moja baada ya nyingine zinajiunga mpaka inatulia. Kutikisika huko ni kwa kawaida, ipe nusu dakika.

Kama pampu imejaa dizeli safi na bado hakuna tone kwenye nozeli zote sita, rudi hatua ya 2. Kiwiko kikiwa sawa, kuna uwezekano reki ya ndani ya pampu, fimbo inayoongeza na kupunguza dizeli, imeganda. Hutokea kwa malori yaliyokaa mwaka au zaidi, dizeli ikageuka gundi. Hapo ndipo mahali halali pa kumpa fundi pampu kazi yake. Ikitoka kwenye nozeli tano na moja ikagoma, lori lilitakiwa kuwaka hata hivyo; tatizo hilo si la kuwaka.

Tahadhari ya ubao. Reki iliyokuwa imeganda inaweza kukwama tena ikiwa upande wa mafuta mengi. Injini ikiwaka itapanda mzunguko yenyewe bila kukanyagwa, na haitakisikia kitasa cha kuzimia. Kwa lori lililokaa muda mrefu, fungua bomba la hewa na mtu asimame na ule ubao. Ikikimbia, aubandike mdomoni na kuukandamiza. Asitumie mkono wala tambara. Mkono unajeruhiwa, na tambara linavutwa ndani.

## Hatua ya 6: Hewa, ubaridi na mbano

Toa filta ya hewa. Nimekuta kiota cha panya, nimekuta gunia. Jaribu kupiga stata bila filta mara moja tu.

Kisha angalia breki ya ekzosi. TXD nyingi zina kipepeo kwenye bomba la ekzosi kinachofungwa wakati wa kuteremka mlima. Kikikwama kimefungwa, injini haipumui na haiwaki, na hakuna atakayekifikiria. Shika mkono wake uone kama unarudi.

Kwa maeneo ya baridi, Njombe au Mbeya mwezi wa 6 na wa 7, moshi mweupe asubuhi unaweza kuwa ubaridi tu. Kama lori lina hita ya kuwashia, pima kama inapata umeme na inapata joto. Kama halina, kutia maji ya moto ndani ya rejeta na kuzichaji betri vizuri kunasaidia zaidi ya watu wanavyodhani.

Usiipe injini petroli kwenye tambara wala dawa ya kuwashia ya kupulizia. Najua kila kijiwe kina mtu anayefanya hivyo, na najua inawasha. Inawaka kabla pistoni haijafika juu, na kishindo unachokisikia ni pistoni na ringi (pete zake) zikipigwa. Injini ikizoea hivyo, mwaka haupiti kabla haijashushwa. Kwenye injini yenye hita inaweza kulipukia kwenye manifoldi (bomba la kugawia hewa), usoni pako.

Mbano unaweza kuusikia. Injini nzima inapozungushwa inadunda sawasawa, "wu-wu-wu-wu". Ikiruka mdundo mmoja, silinda moja haibani. Ikizunguka kwa wepesi usio wa kawaida, zote zimechoka. Ukiwa na geji ya mbano ya dizeli, 6BD1 nzima inasoma karibu bar 30. Ikikaribia 20, kuwasha asubuhi kutakuwa vita kila siku.

Kabla ya kuhukumu ringi, pima nafasi ya valvu. Valvu iliyokazwa kupita kiasi haifungi vizuri, na mbano unatoroka. Kwa 6BD1 ni milimita 0.40 injini ikiwa baridi. Kwa OM352 ni 0.20 kwa valvu za kuingiza na 0.30 kwa za kutoa.

Kuhusu nozeli, nitakuwa mfupi: zipeleke kwenye mashine ya kupimia. Nozeli nzima inatoa ukungu na mlio wa kukwaruza, na haidondoshi tone mwishoni. Usizijaribu kwa kuzielekeza hewani uwanjani, watu wakiwa wamezunguka.

## Hatua ya 7: Kama pampu ilishawahi kushushwa

Hatua hii ni ya lori lililogoma baada ya fundi kufanya kazi, si lililogoma lenyewe barabarani.

Thibitisha mabomba ya chuma yamerudi mahali pake. Mpangilio wa kuwaka ni 1-5-3-6-2-4 kwa injini zote mbili nilizozitaja. Fuata bomba moja moja kwa kidole kutoka pampu hadi nozeli.

Kosa kubwa zaidi ni kupanga pampu kwa silinda ya 6 badala ya ya 1. Pistoni hizi mbili zinapanda pamoja, kwa hiyo alama ya krenki inakaa sawa mara mbili: mara moja ya 1 ikiwa inabana, mara ya pili ikiwa inamaliza kutoa moshi. Alama peke yake haitoshi. Fungua kifuniko cha valvu, leta alama mahali pake, tikisa mikono ya valvu ya silinda ya 1. Zote mbili zikiwa na mchezo kidogo, hapo ndipo penyewe. Kama ni za silinda ya 6 ndizo zinazocheza, zungusha krenki mzunguko mmoja kamili kabla ya kufunga pampu. Dalili ya kosa hili ni moshi mweupe mwingi sana na kukohoa kwenye njia ya hewa, bila kushika hata kidogo.

Kulivuta au kulisukuma lori si dawa ya lolote kati ya haya. Kunafaa tu kama umeshathibitisha kuwa ni betri, injini inazunguka kwa mkono bila kukwama, na breki zinafanya kazi bila injini.

## Likishawaka

Usilizime. Tazama taa au geji ya oili. Mgandamizo upande ndani ya sekunde chache, usipopanda zima mara moja. Acha injini izunguke dakika 10 lori likiwa limesimama, upite na tochi kwenye kila kiungo ulichokigusa. Futa kila nati iwe kavu kisha angalia ipi imelowa tena.

Rudisha bomba la tenki kama ulikuwa kwenye dumu, lakini uache kipande cha ule mpira unaoonyesha ndani kabla ya pampu ndogo kwa siku ya kwanza, mbali na ekzosi. Lilaze lori usiku. Asubuhi, kabla hujagusa ufunguo, chungulia mpira. Ukiwa umejaa dizeli mpaka juu, toa mpira, funga bomba kwa wosha mpya, pakia mzigo. Ukiona nafasi ya hewa, hata ya kucha moja, rudi hatua ya 4 na ubadilishe kiungo kimoja kimoja kuelekea tenki, ukilaza lori tena kila baada ya kiungo.